Kadi Chini ya Mguu wa Mashine

3 Februari

Mpendwa binti yangu Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Sisi huku hatujambo, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi yanajiamulia mambo yao bila kunishirikisha. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Nilimwambia nitauliza, basi nimeuliza.

Simu tuachane nayo. Mara ya mwisho nilikuitikia "ndiyo, ndiyo" muda wote, kumbe ulikuwa unauliza kama nimeanguka. Masikio yangu yamegoma, na sasa simu yenyewe imezama kwenye ndoo ya nguo. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kutubebea barua, kwenda na kurudi, mradi tusimpe vitu vinavyovuja. Alikuwa anakusema wewe na chupa zako za dawa za picha.

Ndani ya bahasha hii kuna kikopo cha filamu kilichofungwa kwa utepe mweusi. Kaa chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Tulikuwa tunapanga upya chumba cha nyuma, mama yako akashusha mkoba wa kamera ya marehemu kaka yako. Tangu ile ajali hakuna aliyeufungua. Kwenye mfuko wa pembeni kulikuwa na hiyo filamu. Imepigwa yote hadi mwisho, haijasafishwa. Mama yako anakumbuka kwamba wiki ile kaka yako alirudi nyumbani anacheka, akasema safari hii amempa rafiki yake kamera ili na yeye aonekane. Wewe unajua hali ilivyo. Tumepiga harusi za nusu ya mji huo, ila mwanangu mwenyewe, tangu ndevu zianze kumtoka, sina picha yake hata moja, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera.

Mikono yangu haiwezi tena kuviringisha filamu gizani. Yako inaweza. Lakini usiiguse mpaka uiamini ile mashine ya kusafishia filamu. Tangu nikuachie studio umekuwa ukisafisha kwa kutikisa kopo la dawa kwa mkono, na mashine imelala. Ijaribu kwanza na filamu zako mwenyewe, mpaka zitoke bila doa. Filamu ya kaka yako haina mara ya pili. Na usisahau kanuni yetu: dawa ikishaingia, huondoki kwenye mashine mpaka umalize, hata paa likiungua.

Naogopa, Chiriku. Sijui naogopa nini zaidi, kwamba yumo au kwamba hayumo.

Ni mimi,
Baba yako

9 Februari

Shikamoo Baba,

Na Mama naye shikamoo yake mpelekee. Mimi sijambo, na nakula. Mwambie mashavu yamerudi.

Bahasha niliifungua nimesimama, kwa hiyo kosa ni langu. Mteja aliyekuja kuchukua picha za pasipoti alinikuta nimekaa sakafuni nalia, akazichukua mwenyewe kaunta na kuondoka kwa kunyata. Kikopo nimekiweka kwenye kabati la chumba cha giza, nyuma ya chupa, na kila nikipita nakigusa kuhakikisha kipo.

Mashine nimeifufua. Nilikuwa nimesahau ilivyo nzuri. Kopo linalala ubavu juu ya rola, nusu yake imezama kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, linazunguka mbele, linatulia kidogo, linarudi nyuma, na dawa kidogo tu inatosha kuosha filamu nzima. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba giza ni la kuviringisha filamu tu. Kifuniko kikishafungwa nawasha taa na kukaa kwenye kiti kama mtu mwenye hadhi yake. Unajua mimi na giza hatujawahi kupatana.

Lakini haikutoka vizuri. Nilisafisha filamu yangu, ile niliyopiga watoto wa shule ya chekechea ya Mwalimu hapa ghorofani. Ukingo mmoja wa filamu umekolea, ukingo wa pili umepauka, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, kama shati lililofuliwa upande mmoja. Nikarudia na filamu nyingine, ikatoka vilevile. Nilipofikiria kwamba ingekuwa ya kaka, nilikwenda kabatini nikakigusa tena kikopo. Niambie nimekosea wapi.

Binti yako,
Chiriku

14 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, na mama yako anasema mashavu atayaamini akiyashika. Hatujambo. Kikohozi kilinitembelea, kikaona nyumba haina burudani, kikaondoka.

Hujakosea mahali popote. Mashine imeinama, basi. Fikiria mwenyewe: kopo limelala na dawa ni kidogo. Likiinama hata kiasi cha ukucha, dawa yote inakimbilia chini. Ukingo wa huko unashiba, wa juu unakufa njaa. Chukua pimamaji kwenye droo ya pili, iweke juu ya mashine. Nina hakika kiputo cha hewa kitakimbilia upande wa mlango. Maana yake upande wa ukuta wa nyuma umeshuka.

Kwenye droo hiyohiyo kuna kadi nilizokata kutoka kwenye maboksi ya karatasi za picha. Weka moja chini ya mguu wa pembe ya nyuma, pima, ongeza ikibidi, mpaka kiputo kikae katikati. Mimi nilikuwa naongeza kila nilipofanya usafi mkubwa. Ni ile miguu ya mpira, inalika. Mashine ni mzee mwenzangu, nayo ina magoti yake.

Na usidhani utaponea kwa kumwaga dawa nyingi. Najua unavyotia mafuta ukipika.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini kikohozi hakijarudi. Mimi ni mzima.

Kiputo kilikuwa palepale uliposema. Niliweka kadi, kikaja katikati, na filamu iliyofuata ilitoka safi, nyeusi yake nyeusi na nyeupe yake nyeupe, mpaka nikaimba peke yangu. Nikaamua Jumatatu nisafishe ya kaka. Asubuhi ile nikapima tena, kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea, nikakuta kiputo kimerudi upande wa mlango. Nikaongeza kadi. Juzi nimeongeza nyingine. Filamu ya kaka nimeirudisha kabatini mpaka mashine itulie.

Kuna jambo jingine, dogo tu. Jana nilikuwa gizani naviringisha filamu, mlango nimefunga, taa zote nimezima, nikaona uzi wa mwanga kwenye ukuta wa nyuma. Mwembamba sana, unaanzia kwenye rafu na kupanda juu. Nilidhani macho yananichezea, nikayafumba, nikayafumbua, bado upo. Niliogopa kuliko ilivyostahili, maana ni mwanga tu. Nikaifunika filamu haraka, na baadaye nikabandika utepe mweusi juu ya ule uzi.

Mwalimu anakusalimu. Anasema watoto wamegundua mchezo mpya. Wanaweka mpira katikati ya darasa na kuuacha, nao unatembea wenyewe mpaka pembe ya nyuma, hapa juu ya chumba changu cha giza. Wanauita mpira wenye akili. Mchana kutwa nausikia ukigonga ukuta, na kila ukigonga wanashangilia.

Binti yako,
Chiriku

25 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama yako kila jioni ananiuliza neno moja tu, "Bado?" Nimemwambia kusafisha filamu si kukaanga yai. Ananiangalia kama mimi ndiye ninayeichelewesha.

Umefanya vizuri kuuziba ule mwanga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Chumba cha giza kila siku kinatafuta mahali pa kukuvujishia. Mimi mwenyewe ukuta ule nimeubandika tepe mwaka hadi mwaka, una jasho, rangi inabanduka. Bandika safu mbili na usiache pembe. Kuhusu kadi, endelea kuongeza. Zikiisha kata boksi jingine. Usiogopeogope, mwanangu, vitu vya zamani vinataka kubembelezwa.

Huo mpira wenye akili Mwalimu autunze. Watoto wenye akili ni wengi, mpira ni huo mmoja.

Baba yako

1 Machi

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii uisome taratibu, na usimsomee Mama kwanza.

Leo nimeiinua mashine nione hiyo miguu inayolika. Miguu yote ya mpira ni mizima, hata chapa ya kiwandani bado inasomeka. Chini ya ule wa nyuma nimetoa kadi zako na zangu na kuzishika pamoja mkononi. Zina unene wa kitabu. Nikaweka pimamaji juu ya meza yenyewe, bila mashine. Kiputo kilienda upande wa mlango mpaka kikagota.

Baba, meza ni ya zege. Uliijenga wewe, imeshikana na ukuta na sakafu. Zege halina miguu ya mpira.

Nikafanya jambo ambalo sikutaka kulifanya. Nilibandua tepe zote ukutani, zako za zamani na zangu, nikafunga mlango, nikazima taa, nikakaa. Mwanzo palikuwa giza tu. Kisha nyuzi za mwanga zikaanza kutokea, moja moja, ukuta mzima. Ule wa rafu umefika dari na huko umegawanyika. Mwingine unashuka mpaka nyuma ya meza, na hapo naweza kuingiza ncha ya kidole. Juu ya kichwa changu watoto walikuwa wanarukaruka na kuimba, na kila wakiruka chini pamoja, vumbi lilikuwa linapita ndani ya ule mwanga.

Nilitoka mbio, sikufunga hata bomba.

Naogopa sana. Niambie nawaza vibaya.

Chiriku

5 Machi

Mwanangu,

Huwazi vibaya. Toka humo.

Sikuanza na salamu na sitaomba radhi. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama. Mara ya pili nilikaa. Mama yako aliuona uso wangu, akaninyang'anya karatasi, kwa hiyo hakuna tena siri ya kumficha.

Miaka yote ile nilikuwa nainyoosha mashine huku nyumba inaendelea kuinama. Kila nilipoweka kadi nilijiona fundi. Ndivyo tulivyo sisi watu wa picha. Tukiona ufa tunaona mwanga utakaoharibu filamu, tunabandika utepe, tunaendelea na kazi. Mtu mwingine yeyote angejiuliza kwa nini ukuta unapitisha jua. Na juzi tu nimekuandikia uendelee kukata maboksi. Nilipokumbuka hilo nilitoka nje nikashika nguzo ya kibarazani, na hata hiyo nikaiangalia kama iko wima.

Funga studio. Mwambie mwenye nyumba. Mwambie Mwalimu awatoe wale watoto leo, asingoje muhula uishe. Chukua kikopo cha kaka yako, chukua kamera, mashine iache hapohapo. Uje nyumbani. Kitanda chako mama yako ameshakitandika, na kila akipita anakinyoosha tena.



Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Msiwe na wasiwasi, niko salama. Nawaeleza yote kwa mpangilio.

Mwenye nyumba nilimwona siku ileile. Alinisikiliza vizuri, akaniambia nyumba ikizeeka hupasuka kidogo, kama visigino. Kesho yake akatuma mtu na ndoo. Ukuta wa nyuma, upande wa nje, ukazibwa na kupakwa rangi, na sasa ukiutazama unapendeza. Mwalimu alipoiona ile rangi akanicheka. Alisema wewe Baba mwenyewe uliwahi kumhadithia nilivyokuwa nalia utotoni ukizima taa. Nyuzi za mwanga zilipotea, na hata mimi nikaanza kujiona mjinga.

Hazikukaa sana, zikarudi. Nyufa mpya zilipasuka palepale, kupita ndani ya rangi.

Nikamwomba Mwalimu jambo moja tu, aje akae nami gizani. Alikuja baada ya watoto kula, anatania, anasema yeye si filamu. Nikafunga mlango na kuzima taa. Aliendelea kuzungumza, habari za watoto, habari za ada, maana macho yanahitaji muda kabla ya kuona kitu. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Nilimsikia anapumua.

"Hiyo ni nini?" akaniuliza.

"Ni nje," nikamwambia.

Alipapasa mlango, akapanda ngazi, na nilipotoka watoto walikuwa wameshaanza kushuka, wameshikana mikono, wengine na kiatu kimoja, wanalia kwamba mpira wao umebaki juu. Tangu siku hiyo ghorofani hakuna mtu. Mwalimu anafundishia kibarazani kwa dada yake, na mimi nalala sebuleni kwake Mwalimu.

Sasa Baba, usikasirike. Sijaja nyumbani kwa sababu ya kaka. Filamu ile imekaa miaka kwenye joto, na picha ndani yake zinazidi kufifia. Kwa mkono siwezi kuisafisha, maana mikono yangu nayo siku hizi inatetemeka, na kopo ukilitikisa vibaya unapata michirizi. Mashine nikiihamisha, sijui kama itawaka tena huko iendako. Nikiiweka sawa asubuhi, itakaa sawa angalau mpaka mchana, nimeipima. Nahitaji muda mfupi tu, kisha nafunga mlango na sirudi tena. Namwona Mama kila jioni anauliza "Bado?" na sitaki aulize maisha yake yote.

Binti yenu,
Chiriku

15 Machi

Chiriku,

Hapana.

Nimeliandika neno hilo kwanza, peke yake, ili hata barua ikilowa njiani ulione.

Mama yako ameisoma barua yako. Alikaa kitandani kwako muda mrefu, kisha akasema maneno ninayoyaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sitaki kuiona hiyo filamu." Anadanganya, na mimi nimemwelewa, na wewe umwelewe.

Lakini najua wewe ni mtoto wa nani. Huenda barua hii itakukuta umeshaanza. Kwa hiyo nisikilize kama hujawahi kunisikiliza. Ile kanuni yangu naifuta. Niliitunga mimi na mimi ndiye ninayeifuta. Nilikuwa kijana nilipoitunga, sina mtoto, na nilidhani kitu kibaya kuliko vyote duniani ni filamu kuharibika.

Ukisikia chochote, hata chembe ya mchanga ikidondoka, hata mlango ukilia, unatoka. Usiulize dawa imeingia au haijaingia. Hata kama ni filamu ya kaka yako. Hasa ikiwa ni ya kaka yako, maana yeye hatuwezi tena kumwambia atoke mahali popote, na wewe tunaweza. Iache mashine izunguke. Toka uiache izunguke.

Mimi sijawahi kuwaogopea watoto wangu kabla ya jambo kutokea. Mara zote nimeogopa baadaye. Naomba safari hii hofu yangu ikutangulie.

Baba yako

19 Machi

Mwanangu,

Dereva amekuja mikono mitupu.

Anasema ile barua yangu alikukabidhi juzi mkononi, mlangoni kwa studio, na ulikuwa umevaa aproni. Nilipomsikia anasema aproni nilikaa palepale kituoni, chini. Anasema leo mtaa wenu umefungwa kwa kamba na basi limezungushwa. Nimemuuliza kwa nini, akasema kitu, na haya masikio yangu hayakukishika. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamtazama mama yako, yeye anasikia. Amesema dereva hajui. Uso wake umesema jambo jingine, na njia nzima ya kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu tumzike kaka yako.

Andika. Neno moja linatosha. Dereva ameapa atakutafuta kila alipo mtu anayekujua.

Baba

20 Machi

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama.

Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo ili hata barua ikilowa mlione.

Dereva amenipata leo asubuhi hapa kwa Mwalimu. Amenikabidhi barua yako kisha akageuka akajifuta uso kwa kofia. Nisameheni kwa kuchelewa. Simu imebaki ndani, na juzi na jana kalamu haikushikika mkononi. Leo kidogo inashikika.

Siku ile aliponiletea barua yako ya "Hapana", nilikuwa nimeshafunga kifuniko. Filamu ya kaka ilikuwa ndani ya kopo na maji ya kuilowesha yanazunguka. Nilikusoma nimeegemea meza. Nikasema moyoni, Baba ana haki, ila filamu imeshalowa, na nikiiacha sasa ni sawa na kuitupa. Nikamwaga maji nikamimina dawa. Niliimimina baada ya kukusoma, Baba, sitaki ufikiri kwamba barua ilichelewa.

Mashine ilikaa sawa kabisa. Kiputo katikati. Kopo linaenda mbele, linatulia, linarudi, na mimi nazungumza na kaka kama mwehu, namwambia avumilie, bado kidogo atatoka. Nilikuwa na furaha, ndiyo inayoniumiza.

Kisha nikasikia mlio kama mtu amevunja ukuni kwenye goti, mara moja, ukutani. Nikatazama pimamaji, nilikuwa nimeiacha juu ya mashine. Kiputo kilikuwa kinatembea. Siku zote nilikuwa nakikuta kimeshafika. Sijawahi kukiona kikitembea. Kilitoka katikati kikaenda upande wa mlango, polepole.

Nililishika kopo. Muda wa dawa ulikuwa unakaribia kwisha, ilibaki kumwaga na kuweka ile ya kugandisha picha. Nikasema nalichomoa nakimbia nalo, mwanga hauingii. Nikalivuta. Lilikatalia kwenye meno ya mota, maana beseni lilikuwa limeshaanza kujipinda. Ningevuta mara ya pili lingetoka. Najua lingetoka, mkono wangu ulihisi lilivyolegea. Mchanga ukaanza kunidondokea shingoni.

Sikuvuta.

Nilipita mlangoni, nikapita kaunta, nikafika barabarani na aproni yangu na mikono imelowa. Mlango niliuacha wazi, na nikiwa pale ng'ambo nilikuwa bado naisikia mota. Inaenda, inatulia, inarudi. Watu walikuwa wanapita, mtu mmoja akanisalimu na mimi nikamwitikia. Halafu pembe yote ya nyuma, chumba cha giza na darasa la juu yake, ikakaa chini. Haikuwa na kelele nyingi kama nilivyokuwa nawaza usiku nikikosa usingizi. Vumbi lilitoka mlangoni kwa studio kama mtu anayetoka, kisha kukawa kimya, na nikagundua kwamba bado natega sikio niisikie mota.

Hakuna aliyeumia. Mwalimu aliwahesabu watoto wake wote kibarazani, akawahesabu tena, ingawa alijua hawakuwepo kule, kisha akaja akanihesabu na mimi.

Mwambie Mama sijui kama alikuwemo. Sikuiona hata picha moja. Najua tu kwamba mpaka nilipotoka ilikuwa inasafishwa vizuri, pande zote mbili sawasawa.

Nakuja na basi la kesho. Sina mzigo. Kitanda msikitandue.

Niliiacha inazunguka, Baba.

Binti yenu,
Chiriku